Maua ya Upande wa Malka

Majani yalikuwa yameliwa. Hayakukatwa kwa panga wala hayakukanyagwa. Yameliwa. Niliinama nikatazama vijiti vilivyobaki, vimechanika nchani kama ng'ombe anavyochana, kwa kuzungusha ulimi na kuvuta. Kichaka cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mpaka cha saba.

Mkononi bado nilikuwa nimeshika ua dume la boga. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, huzunguka shambani nikichuma maua dume na kupakaza chavua yake ndani ya maua jike, moja moja, kwa sababu nyuki hawaji. Siku hiyo ua liliniponyoka na sikuliokota.

Mmea wenyewe ni lantana. Niliupanda kwa mikono yangu. Na kabla sijachimba shimo la kwanza nilijua kwamba ni sumu kwa ng'ombe.

Shamba letu liko ukingoni mwa mto Tana, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Ngao. Upande wa mashariki hatuna jirani. Tuna malka, njia ambayo ng'ombe hushukia mtoni kunywa maji. Waorma wamepitisha mifugo hapo tangu kabla babu yangu Mgiriama hajahamia huku kutafuta ardhi yenye unyevu. Hakuna karatasi inayosema malka inaanzia wapi. Shamba huishia pale jembe linapoogopa kusonga mbele.

Nilikuwa darasa la tano mwaka ambao ugomvi wa njia kama hiyo uligeuka moto. Nakumbuka mama akiniziba mdomo ndani ya matete, kiganja chake kikinuka kitunguu. Nakumbuka makuti yalivyolia yakiungua, na mimi nikidhani ni mvua. Tangu siku hizo baba, mzee Kalama, hajawahi kulala bila viatu vyake kukaa mlangoni, ncha zikitazama nje.

Kwa hiyo niliposimama mbele ya vichaka saba vilivyoliwa, sikufikiria ng'ombe kwanza. Nilifikiria makuti.

Yote yalianza na maboga. Mafuriko ya mwisho yaliondoka na miti ya ukingoni pamoja na mizinga iliyokuwa juu yake, na nyuki waliosalia tuliwamaliza wenyewe kwa dawa ya viwavi, sisi na majirani, kila mtu na pampu yake mgongoni. Msimu uliofuata maboga yalichanua kama shamba zima lina harusi, na hakuna kilichoshika. Kitoto cha boga kilifika ukubwa wa kidole gumba, kikageuka njano, kikaoza. Tikiti vivyo hivyo. Nikaamua kuzungushia shamba mimea yenye maua, mimea ya kudumu, ili nyuki wapate chakula hata miezi ambayo sina zao ardhini.

Nilichagua kama mtu anayechagua wakwe. Jirani yetu Tsuma alinishauri nipande mti wa mathenge. "Nyuki wanaupenda, na uko bure," akasema. Uko bure kwa sababu miiba yake imekwisha kumeza malisho ya watu. Nilimwambia ampandie mkewe mlangoni. Mimi nikachukua kivumbasi, maana ukikipogoa kinachanua tena na tena, na nyuki wakikisikia harufu hawapiti. Nikachukua mbaazi, ambayo huishi miaka kadhaa na mbegu zake tunazila. Kwenye kona kavu nikaweka mshubiri, kwa ajili ya maua yake marefu ya kiangazi.

Upande wa malka ndio ulionitesa. Mbaazi pale ni mwaliko. Ng'ombe akiionja leo, kesho ataleta ukoo. Kivumbasi kingekanyagwa kikaisha. Nilitaka kitu kinachochanua daima na ambacho ng'ombe hakitaki. Chuoni, nilikosomea kilimo, tulifundishwa kwamba ng'ombe huinusa lantana wakapita. Nikaenda kuomba vipandikizi kwenye ua wa nyumba moja ya wageni mjini Garsen, nikapanda ishirini na vinne, mstari mmoja ulionyooka.

Baba alikuja akasimama nyuma yangu.

"Unapanda nini?"

"Maua, baba."

"Ya kuuza?"

"Ya nyuki."

Alicheka. "Siku hizi nyuki wanapikiwa! Na hayo maua hufa lini?"

"Hayafi. Yanakaa mwaka hadi mwaka. Ndio uzuri wake."

Kicheko kikakatika. "Nyevu, mwanangu. Mahindi hayamuudhi mtu, kwa sababu mahindi huondoka. Hata kwetu, ukimwazima mtu shamba haruhusiwi kupanda mnazi. Unajua kwa nini? Kitu kisichoondoka kinasema, hapa ni pangu. Wewe umepanga mstari wa vitu visivyoondoka, umeuelekeza kwa ng'ombe wa watu."

Nikamjibu kwa diploma. Nikamweleza habari za wachavushaji, nikamchorea mchoro mchangani kwa kijiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mchoro kwa wayo wake, akaenda zake.

Miezi minane ng'ombe walipita. Wakainusa, wakapita. Nikajiona nina akili.

Kisha mvua ikakosa, na wiki iliyotangulia siku hiyo kundi likashuka kutoka pande za Chewele, mbavu zimehesabika. Ng'ombe wenye njaa, wasiowahi kuiona lantana tangu kuzaliwa. Hilo nalo tulifundishwa. Ilikuwa sentensi moja chini ya ukurasa: wanyama wageni huila. Niliiandika kwenye mtihani nikapewa alama. Shambani sikuikumbuka.

"Hodi, Nyevu! Maziwa leo kidogo, usininunie!"

Alikuwa Gumato, Mama Kadra, Mworma anayepita kwetu kila asubuhi na madumu ya maziwa akielekea Ngao. Kadra bintiye na mimi tulikua pamoja, tukiibiana mahindi ya kuchoma.

"Mbona uso yako iko hivyo? Umeona nyoka?"

"Nimelala vibaya tu, Mama Kadra."

"Sisi wote tumelala vibaya." Akatua madumu. "Mtamba ya mzee yetu Mahadi nagonjeka. Ile nyeupe, haijazaa bado, imekuja na kundi ya Chewele. Tangu jana haikuli. Macho iko njano kama bizari. Ngozi ya pua natoka. Haipati choo. Na inakimbia jua kama mwizi."

"Inakimbia jua?"

"Inaingia kivulini, wanaume wanaitoa. Wanasema itembee, damu ipate moto. Inarudi. Wanaitoa tena." Akaminya midomo. "Mahadi anasema imelishwa kitu. Sadik, kijana yake, nafuata kwato tangu alfajiri."

Gumato akanitazama, kisha macho yake yakanivuka, yakatua kwenye vile vijiti vilivyochanika nyuma yangu. Akavihesabu, niliona midomo ikicheza. Akainua madumu yake bila kunipimia maziwa, akaondoka. Hakuelekea Ngao. Alirudi alikotoka.

Baba alikuwa amesikia kutoka kwenye bamia. Alikuja akikimbia, na baba yangu hakimbii.

"Ng'oa," akasema. "Ng'oa yote. Tuichome sasa hivi. Ukiulizwa, hapakuwa na kitu."

Nikashika kichaka cha kwanza nikavuta. Miezi minane ya mizizi. Harufu yake kali ikapanda, harufu ambayo ukiishika haitoki mkononi hata kwa sabuni. Nikang'oa cha pili. Vijiti vilinichana mikono na sikuhisi.

"Na moshi, baba?"

Akasimama.

"Tukichoma hapa, moshi utaonekana mpaka bomani kwao. Moshi kwenye malka."

"Basi tuitupe mtoni."

"Ng'ombe wao wanakunywa mtoni."

Baba akaketi juu ya tuta, katikati ya maboga, kama mtu aliyekatwa miguu. "Mungu wangu," akasema.

Nilikuwa nimeshika kichaka cha tano na kichwani naona kitu kimoja tu: mtamba mweupe akisukumwa juani. Hiyo sumu huharibu ini, na ini likishaharibika, jua humchoma ng'ombe kama moto. Kila mara wanapomtoa kivulini wanamuua kidogo, wakidhani wanamtibu. Dawa niliijua. Kivuli, maji na makaa ya kusaga kwa wingi. Ningenyamaza, angekufa kesho au kesho kutwa, na kwato zake zingewaleta kwetu vilevile. Ningesema, wangetujia leo hii.

"Salamaleko, mzee Kalama."

Sadik alikuwa amesimama kwenye malka, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake. Sikumsikia akija. Ni kijana wa umri wangu. Tulipishana mara nyingi stejini Garsen, yeye na simu yake na miwani ya jua.

"Aleikumu salamu, kijana wangu," akajibu baba kutoka tutani.

"Sista, leo mnavuna maua?" Hakutabasamu. Akashusha fimbo, akagusa udongo kwa ncha yake. "Hii kwato ya mbele imepasuka. Ni ya mtamba wetu. Amesimama hapa. Hapa amegeuka. Hapa amekula."

"Ng'ombe hula majani," baba akasema, akijaribu kucheka. "Si ndio kazi aliyoajiriwa?"

Sadik hakumtazama. Alikuwa akitazama mikono yangu.

"Bado mmemweka juani?" nikauliza.

"Nani?"

"Mtamba. Mtoeni juani, Sadik. Piga simu sasa hivi. Msimtembeze. Amekula sumu, na jua ndilo litakalommaliza."

"Wewe umejuaje?"

Baba alitoa mlio mdogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Kwa sababu niliyeipanda ni mimi."

Sadik akasema, "Rudia."

Nikarudia.

Alipiga simu. Alizungumza Kiorma, muda mrefu, mgongo umenigeukia. Nilisikia jina langu, nikalisikia tena, na mara ya tatu lilisemwa na mtu wa upande wa pili kwa sauti iliyotoka nje ya simu. Akaikata.

"Mzee anasema uje. Wewe."

"Nitakuja naye," akasema baba akiinuka.

"Amesema yeye."

"Nimesikia. Lakini kuna gunia la makaa la kubebwa. Makaa hayajibebi."

Ndivyo tulivyoondoka, Sadik mbele, mimi katikati nikiwa na kinu kichwani, baba nyuma na gunia la makaa ya mathenge. Kila hatua nilihisi mgongo wangu ni mpana mno, unaonekana kutoka kila upande.

Bomani walikuwa wanaume kumi na zaidi, kila mmoja na fimbo, baadhi na vitu virefu kuliko fimbo. Mtamba alikuwa amelala kivulini. Walau hilo lilikuwa limefanyika. Pua yake imebambuka, nyekundu. Mahadi, baba yake Sadik, alikuwa amechutama kichwani pake akimfukuzia nzi kwa kitambaa. Hakuinuka.

"Wewe ni mtoto ya Kalama."

"Ndiyo, mzee."

"Hii kitu ulijua ni sumu?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Yote yalikimbia. "Nilijua."

Manung'uniko yakapita kama upepo kwenye mabua. Mtu mmoja akasogea. Baba akatua gunia, akasimama kando yangu, bega kwa bega.

"Ulijua, ukapanda kwa malka."

"Nilijua ng'ombe wenu hawaili. Waliinusa miezi minane wakapita. Nilitaka kitu wasichokula, ndio maana. Sikuwafikiria wa Chewele. Nilikosa, mzee."

"Ulitaka kufunga malka."

"Nilitaka nyuki."

"Nyuki!" akasema mmoja kwa nyuma, na akatema mate.

"Mzee, nipige baadaye," nikasema, na machozi yalikuwa yamenifika. "Niache nimpe makaa kwanza. Tunachelewa."

Mahadi akaashiria kwa kidevu. Nikatwanga. Nikachanganya unga ule mweusi na maji na chumvi kidogo, nikajaza chupa. Hakuna aliyekuja kunishikia kichwa cha ng'ombe. Nilipopiga magoti, Mahadi akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa chupa.

"Kunywa wewe kwanza."

Nilikunywa. Mafunda matatu makubwa, mchanga mchanga, meusi, yakinishuka huku wote wananitazama koo. Nilipomaliza nikafungua mdomo kuonyesha. Nadhani meno yalikuwa kama ya mzimu, maana Sadik aliguna na kugeuza uso, na mzee mmoja asiye na meno akacheka waziwazi. Gumato akatoka katikati ya wanawake bila kuniangalia, akamkamata mtamba pembe, akamwinua kichwa.

"Mimina," akasema. "Pole pole. Kando ya mdomo."

Baada ya chupa ya sita Mahadi alisema, "Utakaa nayo. Ikiamka, utaenda. Isipoamka..."

Jioni simu ya baba ililia. Alikuwa Tsuma. Niliisikia sauti yake kwa sababu baba huweka sauti ya simu juu kabisa. "Kalama! Semeni kama mmeshikwa! Vijana huku wamekusanyika, wananoa. Sema neno moja tu, tunakuja!"

Wanaume wa boma nao walisikia. Kila mmoja aliacha alichokuwa akifanya. Nilimwona Sadik akimwangalia baba, na baba akimwangalia Sadik, na nikajua kwamba kati ya watu wote wa mto huu, usiku wa leo unategemea ulimi wa mzee mmoja anayetetemeka.

"Kushikwa na nani?" baba akasema. "Tumealikwa. Tunakunywa chai. Waambie hao vijana kama wana mapanga makali waende wakapalilie mahindi ya mama zao." Akakata.

Hakuna aliyekuwa ametupatia hata maji. Baada ya kitambo Gumato akaja na vikombe viwili vya chai ya maziwa, akavitua mbele yetu kwa kishindo.

"Nimesikia mzee anasema anakunywa chai," akasema. "Kwangu mtu hasemi uongo."

Tulikaa siku nne. Asubuhi chupa sita, jioni chupa sita. Mtamba hakula. Siku ya pili alilala ubavu na nikamwita baba, nikidhani ndiyo basi. Siku ya tatu alikunywa maji mwenyewe, kidogo, kisha akaacha, na wanaume wakaacha kuongea nilipopita. Nilikuwa nimejifunza kusoma nyuso zao kama mtu anavyosoma mawingu. Baba hakuondoka pale kwenye mlango wa boma. Tsuma alipiga simu kila jioni, na kila jioni baba alimwambia habari za chai.

Siku ya nne, adhuhuri, nilikuwa nasaga makaa nikasikia mtu anapiga kelele. Mchi ulinidondoka. Nilijua amekufa. Nikageuka nikaona Sadik, amechutama nyuma ya mtamba, mikono juu kama mchezaji aliyefunga bao.

"Amekunya!" alikuwa akipiga kelele. "Mzee! Amekunya!"

Boma zima lilikuja kutazama. Ilikuwa nyeusi kama lami kwa ajili ya makaa, na hakuna aliyewahi kuona kitu kizuri kama hicho. Mzee asiye na meno aliichokoa kwa fimbo na kutikisa kichwa kama mtaalamu. Gumato alinishika shingo, akanitikisa, akaniachia. Mimi niliketi chini pale pale nikalia mpaka kamasi.

Kesho yake Mahadi alikuja shambani nasi, na Gumato nyuma yake. Tulizika lantana yote, mizizi na majani, kwenye shimo la urefu wa mtu, mbali na maji. Kisha Mahadi akatembea kando ya shamba kutoka juu mpaka mtoni, polepole, akiburuta fimbo yake, na pale fimbo ilipopita pakabaki mfereji mdogo. Ulikuwa ndani ya mstari wangu kwa hatua tatu. Hakuna aliyesema kitu kuhusu hizo hatua tatu. Baba alinikanyaga kidole cha mguu, taratibu, ili nisiwe wa kwanza.

"Ndani huko, panda unataka," Mahadi akasema. "Hapa kwa malka, hapana kitu ya kukaa. Panda kitu ya kufa. Mwaka ikiisha, kuja uliza tena."

"Kitu gani, mzee?"

Akamtazama Gumato, naye akajibu kama aliyekuwa akingoja kuulizwa tangu siku ya kwanza. "Simsim. Ng'ombe haipendi harufu yake. Nyuki inapenda sana. Sisi tunachunga, tunaona. Wewe hukuuliza."

Nikapanda simsim, yaani ufuta. Maua yake ni meupe, membamba, na asubuhi ya kwanza yalipofunguka nilisimama kando ya mfereji wa fimbo nikahesabu nyuki kumi na wanne. Maboga yalishika, mengine. Bado kuna asubuhi nazunguka na ua dume mkononi.

Msimu ulipoisha niling'oa mabua yote mpaka udongo ukabaki mtupu. Juzi mawingu yalianza kukusanyika upande wa bahari. Nikafunga mbegu kwenye pindo la leso, nikaenda bomani peke yangu, kwa maana baba alisema safari hii makaa hayabebwi. Njiani nilisimama mara mbili kupumua. Mahadi alikuwa akitoa kupe sikioni mwa ndama. Wanaume wengine walikuwepo, nisiowajua, wageni wa kutoka juu, wakinitazama.

Hakuinua kichwa.

"Uliza," akasema.

Nikauliza.